Matusi Yangu ni Mali ya Mtani

Nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa. Fundi anashika upande wa ndani, ule wenye mikia ya nyuzi, na uso wa nguo unalala chini mpaka kazi iishe. Unaweza kushinda na gauni tangu asubuhi usijue linafanana na nini. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asiniulize, bibi, hivi hukuona? Sikuona. Nilikuwa upande wa ndani.

Nakaa Isevya, hapa Tabora mjini. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mahali pake ni barazani, inatazama barabara, nipate mwanga na nipate wateja. Shule niliishia darasa la nne. Baada ya hapo nilipelekwa kwa mama mmoja wa mjini aliyekuwa fundi, nikawa nafagia vipande vya vitambaa mpaka siku aliponipa mkasi. Tangu hapo nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia ya ofisi, na suruali za wazee wanaosema za dukani zinawabana. Jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu. La kulia linafanya kazi ya mawili, nalo limeanza kulalamika.

Ng'ambo ya barabara, tukitazamana, anakaa mtani wangu. Ni mwanamke wa Kigogo, mjane kama mimi, anauza mkaa na karanga za kukaanga, na mikono yake haikosi weusi wa kimoja na chumvi ya kingine. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Wazee wetu walipobeba mizigo ya watu kwenda pwani walipita Ugogo, na huko hawakupita bure, walitozwa hongo ndipo wanywe maji. Wakagombana, wakazoeana, wakazikana njiani. Ugomvi ulikwisha, utani ukabaki. Mpaka leo mtani wangu akiniona natoka sokoni na kapu anasimama katikati ya barabara, pikipiki zinampigia honi, ananidai hongo. Anachukua nyanya au kitunguu, anaondoka. Akinitukana sikasiriki. Nami nikifika kwake namwambia karanga zake zina mchanga kwa sababu kwao wamezoea kula vumbi. Ndivyo tunavyoishi.

Kiangazi kilichopita alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mama wa hapa hapa mtaani, ambaye binti yake alikuwa anaolewa na kijana wa Igunga. Alikuja na mzigo wa khanga kwa ajili ya sare. Mama mzazi, mama wakubwa na wadogo, mashangazi, wote walitaka gauni la namna moja la kuvaa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta duka zima?"

"Ukoo wetu ndio ulivyo, mama. Sasa nisikilize. Maneno ya khanga nataka yakae nyuma, hapa chini ya kiuno. Wakigeuka kucheza, watu wasome."

"Watasoma," nilimwambia.

Khanga yenyewe ilikuwa nzuri, nyekundu yenye maua meupe, na kwenye kile kisanduku cha maandishi iliandikwa SIWEZI KUKUSAHAU MWANANGU. Nayajua hayo sasa. Siku ile niliangalia maua. Fundi anaangalia maua yakae sawa bega na bega, yasiangaliane kichwa chini. Maneno niliyapima kwa futi kama unavyopima pindo, nikatafuta katikati yake, nikatia alama ya chaki.

Halafu nikakata. Mafundi wengine hukata gauni moja moja. Mimi nilifundishwa kuzilaza khanga zote, moja juu ya nyingine, kuzibana kwa pini na kukata kwa mkupuo mmoja. Inataka mkono wenye nguvu na roho isiyotetemeka. Ukikata sawa, zote zimekaa sawa. Ukikosea, umekosea ukoo mzima.

Kisanduku kilikuwa kirefu kuliko migongo ya watu. Nilipounga mbele na nyuma, mshono wa kushoto ulimeza SI, na mshono wa kulia ukameza NGU. Nilishona kwa ndani, nikapiga pasi kwa ndani, nikakunja. Shangazi mmoja alikuja kujipima, akajitazama mbele kwenye kioo, akasema limemkaa. Nyuma yake hakuna aliyeitazama, wala mimi.

Siku ya sendofu nami nilialikwa. Niliketi meza ya akina mama wa mtaani, soda mbele yangu, nikisubiri kusikia watu wakiuliza hizi nguo kashona nani. Ndiyo, nilisubiri hilo. Mziki ukapigwa, akina mama wakaingia kwa mstari wakicheza, wekundu mtupu, wamependeza. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mama zetu hawa wana ujumbe! Mama zetu, geukeni tusome!"

Wakageuka. Naye akasoma kwa sauti kabla akili yake haijamfikia.

"WEZI KUKUSAHAU MWANA!"

Kisha mjomba mmoja wa upande wa bwana harusi, mzee mfugaji wa huko Igunga, akapiga meza kwa kiganja. "Wezi! Sasa tumejua ng'ombe wetu wanapotelea wapi!"

Watu walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Akina mama wenyewe hawakujua kinachochekwa, waliendelea kukata kiuno, na kadiri walivyokata ndivyo WEZI ilivyopanda na kushuka. Kulikuwa na shangazi mmoja tu, mnene kuliko wote, ambaye gauni lake nililishona ukingoni kabisa ili limtoshe, na maneno yake yalikuwa mazima. Lakini ukimwona peke yake kwenye mstari ule ungesema yeye ndiye aliyekosewa.

Mama wa bibi harusi aligeuza shingo, akamsoma aliyekuwa mbele yake. Akatabasamu kwa mdomo. Kisha akanitafuta kwa macho meza hata meza.

Mimi nikasimama. Nikasema kwa sauti, na mziki ulikuwa umekatwa, kwa hiyo nilisikika vizuri. "Ni mimi. Mimi kizee kipofu, mjinga nisiye na maana. Nimewaharibia. Sifai hata kushona kiroba cha mkaa. Mnipige mawe." Nikaendelea hivyo, machozi yananitoka, na kila neno likimvuta mwenzake, mpaka yule mama akaacha wageni wake, akaja, akanishika mabega. "Basi mama. Basi jamani. Pole. Si kitu, mama, kaa unywe soda." Akanifuta machozi kwa leso yake mpya. Watu wakasema, maskini bibi.

Nilirudi nyumbani nikafunika cherehani kwa shuka. Asubuhi yake nikamtumia salamu fundi mmoja wa sokoni ambaye siku zote aliitamani cherehani ile. Nikamwambia aje na bajaji aichukue, tutaelewana. Akajibu kwamba angekuja kesho yake jioni. Wateja waliokuja niliwarudishia vitambaa vyao. "Tafuteni wenye macho," nikawaambia. Wakisema pole, bibi, nilijibu pole ya nini, mtu mzima ovyo. Nisipokuwa na cherehani ile sijui mimi ni nani hapa mtaani. Ni bibi tu anayekaa barazani akihesabu wapitao. Hilo nililijua vizuri, na bado niliona ndilo linalonistahili.

Asubuhi ya siku ambayo fundi yule angekuja, nilisikia kilio nje. Nikatoka mbio nikidhani kumekufa mtu. Alikuwa mtani wangu. Amevaa blauzi ndani nje, amejipaka majivu usoni, kitenge kakifunga kiunoni, kama watani wanavyofanya msibani. Amekumbatia cherehani yangu juu ya shuka.

"Uwii, mama cherehani! Umetuacha na nani! Ulikula nyuzi zetu ukashiba, leo umetutupa!"

"Ondoka hapo," nikamwambia. "Sina muda na upuuzi wako."

"Mfiwa huyo anafukuza waombolezaji! Wanyamwezi hawana adabu tangu enzi za mizigo!"

Watu wakaanza kusimama. Dereva wa bajaji akazima injini. Mama anayepitisha maandazi asubuhi akatua ndoo yake.

Mtani akakalia kiti changu. Akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akakilaza juu ya shuka kama anashona, akakunja uso, akauinamisha mpaka pua ikagusa shuka pale penye sindano. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini, ya puani.

"Aa. Mshenzi wewe. Uzi umekatika. Umekatika kama akili yako. Mtu mzima hujui kutia uzi kwenye tundu. Mikono kama mwiko. Tazama ulivyokunja hapa, tazama, ng'ombe angekunja vizuri. Zee zima! Ungekufa tu tupumzike."

Watu walikuwa wakicheka na kutingisha vichwa. Mimi sikucheka.

"Unamwigiza nani?" nikauliza.

"Jirani yangu."

"Jirani gani anaongea maneno hayo?"

Aliyejibu ni mama wa maandazi, tena kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake ana unga shavuni. "Bibi, si ni wewe? Mbona ndivyo unavyoongea ukishona. Sisi tumeshazoea."

Nilimtazama dereva wa bajaji. Akatazama usukani wake.

Miaka yote ile mimi nilidhani nanyamaza. Nilijijua kuwa mtu mkali, hilo nalikubali, watoto wangu nimewalea kwa fimbo na uji, lakini sijawahi kumwambia mtoto wa mtu afe tupumzike. Hata mbwa sijamwambia. Na kumbe maneno hayo yalikuwa yanatoka mdomoni mwangu hapo barazani kila uzi ulipokatika. Uzi hukatika mara nyingi.

Nikaketi kwenye ngazi. Mtani akaondoka kwenye kiti, akaja akasimama mbele yangu na majivu yake.

"Haya. Lipa faini."

"Faini ya nini?"

"Ya wizi. Wewe ndiye mwizi, si wale akina mama. Matusi yako ni mali yangu. Babu zako walipita kwetu, wakatuachia haki ya kuwatukana mpaka mwisho wa dunia. Sasa wewe asubuhi unajitukana, mchana unajitukana, mimi nikivuka barabara nakuta umeshajimaliza. Nile nini?"

"Hayo ni maneno tu."

"Maneno?" Akashika kiuno. "Mimi nikikutukana, siku ukifa nakuchotea maji. Napika uji wa wafiwa. Naosha masufuria mpaka mikono ichubuke. Tusi langu lina kazi nyuma yake. Wewe ulipojitukana kule ukumbini, ulivyorudi ulijichotea maji? Ulijipikia nini?"

Tangu sendofu nilikuwa nakunywa chai ya rangi.

"Basi huo si utani," akasema. "Huko ni kumtukana mtu bure. Ninyi Wanyamwezi mna nini? Mkikosa mzigo mnabeba hata jiwe, mradi kichwa kisikae bure."

"Na ninyi mngelitoza hongo jiwe hilo hilo," nikamjibu.

Watu wakashangilia, naye akafurahi, akajipiga paja. Akasema faini yake ni ugali. Nipike, tena nile mimi, yeye aangalie. Nikapika ugali na mlenda wa kwao, ili asiseme nimempunja. Alikaa jikoni kwangu na majivu usoni akinihesabia matonge, nikiacha kutafuna ananiuliza kama namsubiri mshereheshaji. Nilipomaliza akaosha vyombo. Niliponyanyuka kumsaidia akanizuia kwa kiwiko. "Nimekutukana leo. Niache nilipe."

Sitaki mtu afikiri nilibadilika hapo hapo. Mimi si mtu wa kubembelezwa, na wanaojibembeleza wananiudhi. Nawaona vijana siku hizi, akikosea kazi anasema najipenda, anakwenda kulala. Kosa linabaki mezani. Lakini nilipobaki peke yangu nilifikiri juu ya neno lile, tusi lenye kazi nyuma yake, na nikaanza kuukumbuka ukumbi kwa namna nyingine.

Nilimwona yule mama ameacha wageni wake. Ilikuwa siku yake. Alikuwa ameaibishwa mbele ya wakwe, na kabla hajapata nafasi ya kuumia, mimi nilisimama nikaumia zaidi yake. Nilijitukana kwa sauti kubwa mpaka ikabidi yeye anibembeleze. Nani angenikaripia baada ya maneno yale? Nilikuwa nimeshayasema yote, tena makali kuliko ambayo yeye angeyasema. Nilidhani nimekiri. Kumbe kosa lenyewe sikulitaja hata kidogo. Nilitaja upofu, nilitaja uzee, nilitaja ujinga. Kwamba nilikata maneno bila kuyasoma, hilo sikulisema. Na watu walijua kusema maskini bibi. Hakuna aliyeniuliza, sasa tunafanyaje?

Nikalitoa gauni moja kwenye kapu. Shangazi mmoja alikuwa ameniachia tangu ile siku, hakutaka hata kurudi nalo nyumbani. Nikaligeuza, nikafumua ubavu wa kushoto kidogo kidogo kwa ncha ya wembe. Mimi huwa naacha nafasi kubwa kwenye mishono ya sare, kwa sababu akina mama hunenepa. SI ilikuwemo ndani, imekunjwa. Nikapima. Ningetia kipande cha nyekundu kila ubavu, upana wa vidole vitatu hivi, maneno yangekaa. Kazi ya kuchosha, lakini kazi. Haikuwa msiba.

Sasa ilibaki kwenda kwake. Nilijifunga kitenge nikatoka. Njia nzima mdomo wangu ulikuwa unataka kuanza. Nilijisikia kabisa, maneno yamepanga foleni, mimi mwanamke mjinga, mimi kizee. Nikayafungia. Nilipokutana na watu nikawaamkia tu.

Kwake bado viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani, na harufu ya pilau la juzi. Alinikuta mlangoni, akanikumbatia kabla sijasema neno.

"Karibu mama. Jamani, usijali, yalikwisha yale. Pole sana."

"Usinipe pole kwanza," nikasema. "Nisikilize, halafu utasema unachotaka. Nilikata khanga zako kabla ya kusoma maneno. Hilo ndilo kosa, na ni langu. Nimefungua gauni moja, herufi zimo ndani, zinatoka. Niletee yote niyarekebishe."

Akatazama viti. Nilisubiri anibembeleze tena, hakunibembeleza, kwa sababu safari hii sikumwachia cha kubembeleza. Akaketi kwenye kiti kimojawapo, na sauti yake ikabadilika.

"Mama, niliumia."

"Sema."

"Niliumia sana. Mwanangu anakwenda kuishi na watu wale. Juzi wakati wa kuaga, wifi yake mmoja kamwita mtoto wa wezi. Kwa mzaha. Lakini unajua mzaha wa ukweni, hauishi. Nililia usiku kucha. Na nilikukasirikia, mama. Nikajisikia vibaya kukukasirikia, vile ulivyolia. Nikabaki nayo tu hapa." Akajigusa kifuani.

Nilikaa nikasikia. Hakuna neno aliloniambia lililofika nusu ya yale ninayojiambia mimi. Na bado lilikuwa gumu kulisikia kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Mikono nilikuwa nimeifumbata chini ya kitenge. Nikamwambia, "Una haki." Sikuongeza kitu. Akalia kidogo, nami nikamwacha alie, kilikuwa kilio chake.

Alipomaliza akajifuta. "Harusi yenyewe Igunga ni Jumamosi hii. Yatawahi?"

"Yatawahi ukiyaleta leo. Na wewe mwenyewe uje ukae nami pale barazani. Jicho langu moja lina ukungu. Nitashona, wewe utanisomea."

"Kusoma nitasoma," akasema. "Mwanangu huyu nimemsomesha kwa kusoma mizani ya pamba." Ndipo akacheka kidogo, mara ya kwanza.

Nilipofika nyumbani na mzigo wa magauni yaliyokuwa kwake kichwani, fundi wa sokoni alikuwa ameshafika. Bajaji imeegeshwa, shuka ameshaliondoa, anazungusha gurudumu la cherehani yangu kwa kidole kama mtu anayempima mbuzi.

"Shikamoo mama. Nimekuja."

"Marahaba. Nakuona. Cherehani siiuzi."

"Mama, mbona ulisema..."

"Nilisema. Nilikuwa na hasira na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Nimekupotezea safari yako, nisamehe. Kunywa maji upumzike."

Hakufurahi. Alisema ana gharama za bajaji, na kweli alikuwa nazo, nikamlipia. Ng'ambo ya barabara mtani wangu alikuwa anapima mkaa na kujifanya hasikii, lakini kopo moja alilijaza mpaka mkaa ukamwagika.

Tulifumua na kushona siku zile mimi na mama wa bibi harusi, yeye akisoma kila gauni kabla sijaunga ubavu, SIWEZI KUKUSAHAU MWANANGU, SIWEZI KUKUSAHAU MWANANGU, mpaka wapitao wakadhani tunasali rozari. Jioni mwanga ukififia niliacha. Zamani ningeendelea kukaza macho na kujitukana gizani. Sasa nilisimama nikasema jicho limechoka, na kesho nalo litafanya kazi. Lilikuwa neno dogo, lakini sijawahi kulisema juu ya kiungo changu chochote.

Siwezi kusema mdomo wangu umepona. Uzi ukikatika bado nasikia lile neno likipanda kooni. Mara nyingine linatoka kabla sijalikamata, na kutoka ng'ambo nasikia mtu akikohoa kwa nguvu. Tofauti ni kwamba sasa nalisikia. Likitoka, nanyanyuka nakunywa maji, kisha natia uzi. Nimegundua pia kwamba uzi wenyewe ulikuwa unakatika kwa sababu naukaza mno.

Jumamosi ile mimi sikwenda Igunga, mabasi yananiumiza magoti. Mchana nilikuwa barazani nakata joho la kwaya, joho moja, peke yake, nimelilaza vizuri. Simu ikaita. Alikuwa mama wa bibi harusi, na nyuma yake ngoma zinavuma.

"Mama! Wamesoma! Yule mjomba kasoma mwenyewe kwa sauti, kakosa la kusema!"

"Vizuri."

"Ila mama, samahani. La yule shangazi mnene, lile ulilolitia vipande na lenyewe, limekuwa kubwa, linamvuka mabega. Anatembea kalishika."

Gauni la shangazi yule halikuhitaji kipande. Lake lilikuwa zima tangu mwanzo. Nilitia kwa mazoea, kwa sababu nilikuwa natia kwa wote.

"Nimekosea hilo," nikasema. "Akirudi alilete."

Nikaiweka simu, nikarudi kwenye joho langu.